Ufanisi wa benki: kwa nini foleni imeisha lakini mkopo bado ni ghali

Jumapili moja baada ya chakula, shangazi yangu aliweka simu yake mezani na kunionyesha ujumbe wa makato ya mkopo. Anauza nguo za watoto katika soko la Gikomba, Nairobi, mitumba, na mkopo huo ndio uliomnunulia marobota mawili kabla ya shule kufunguliwa. "Kila mara redio inasema Benki Kuu imeshusha riba," akaniambia. "Tena wanasema benki zimepata mabilioni kwa sababu ya ufanisi. Sasa mwanangu, huo ufanisi mbona haujafika Gikomba?"

Nilianza kumjibu kwa haraka nikajikuta nachanganya faida, ukubwa na ufanisi, kana kwamba ni kitu kimoja. Wengi huvichanganya. Utasikia hivyo kwenye matatu, kwenye mikutano ya chama, hata kwenye mijadala ya runinga. Swali la shangazi linastahili jibu lililotulia, kwa hivyo nitaanzia mbali kidogo na benki. Nitaanzia kwenye chapati.

Chukua akina mama wawili wanaopika chapati mtaani Kariobangi. Kila mmoja ana pakiti moja ya unga ya kilo mbili, mafuta kiasi kile kile, makaa kiasi kile kile. Wa kwanza anatoa chapati 24, wa pili anatoa 18 za ukubwa ule ule. Wa kwanza ana ufanisi zaidi, kwa maana anapata mengi zaidi kutoka kwa vitu vile vile. Hiyo ndiyo maana ya neno hilo, haina zaidi.

Lakini sasa wa pili ana kibanda kwenye lango la jengo linalojengwa, na hakuna mwingine karibu. Mafundi wana njaa na muda wao ni mfupi, kwa hivyo anauza chapati moja shilingi 40. Wa kwanza amezungukwa na wenzake, anauza 20. Piga hesabu: 24 mara 20 ni 480, 18 mara 40 ni 720. Anayepoteza unga ndiye anayerudi nyumbani na pesa nyingi. Faida yake imetoka kwenye mahali alipokaa, wala si kwenye mikono yake.

Weka mfano huo akilini, maana karibu kila mkanganyiko kuhusu benki unaanzia hapo.

Shilingi saba za katikati

Unga wa benki ni amana tunazoweka, wafanyakazi, majengo na kompyuta. Chapati zake ni mikopo, malipo yanayofika salama, na akiba inayotunzwa. Tuseme benki inakulipa shilingi 8 kwa mwaka kwa kila 100 uliyoweka, kisha inamkopesha shangazi hiyo 100 kwa shilingi 15. Katikati kuna shilingi 7. Hilo ndilo pengo la riba.

Hizo saba haziingii zote mfukoni mwa mwenye benki. Kuna mshahara wa keshia, kodi ya jengo, mitambo, walinzi. Kuna sehemu ya amana ambayo sheria inaitaka benki iiweke Benki Kuu bila kulipwa riba. Tangu mwanzoni mwa 2025 ni asilimia 3.25. Kuna kodi ya serikali. Kuna faida ya wenye hisa. Na kuna hasara ya mikopo isiyolipwa, ambayo kwetu imekuwa nzito sana: kwa sehemu kubwa ya mwaka 2024 na 2025, zaidi ya shilingi 16 katika kila 100 zilizokopeshwa na benki za Kenya zilikuwa kwenye mikopo iliyokwama. Baadhi ya waliokwama ni wakandarasi ambao serikali yenyewe haijawalipa. Mjenzi wa barabara asipolipwa, halipi benki, na benki humpandishia bei mtu mwingine kabisa ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Hili linanikera, kwa sababu mtu huyo mara nyingi ni kama shangazi.

Benki yenye ufanisi wa kweli inaweza kuishi na pengo dogo. Inachambua wateja vizuri, haibebi wafanyakazi wasio na kazi, haiachi mikopo ioze. Benki isiyo na ufanisi inahitaji pengo kubwa ili isimame. Shida ni kwamba pengo kubwa linaweza pia kubaki pale pale baada ya ufanisi kuongezeka, iwapo hakuna anayeisukuma benki kulipunguza.

Kipimo kinachotajwa sana kwenye habari za faida ni gharama kwa mapato: benki imetumia shilingi ngapi kuingiza shilingi 100. Ikiwa ilitumia 60 na sasa inatumia 45, husemwa imekuwa na ufanisi. Huenda ni kweli. Ila kumbuka mama wa kibanda cha langoni. Akipandisha bei kutoka 40 hadi 50, kipimo hicho kitamsifu ingawa hajapunguza hata punje moja ya unga unaomwagika.

Foleni ya Kencom na benki za simu ya mkubwa

Tuliofika mjini Nairobi kabla ya simu za mkononi tunaikumbuka ile foleni ya mwisho wa mwezi. Ilianzia ndani ya benki, ikapita mlangoni, ikajikunja barabarani. Walimu walikuwa wakiomba ruhusa ya siku nzima kwenda kutoa mshahara wao wenyewe. Ukifika kaunta, kitabu chako cha akiba kilichukuliwa, kikapigwa mihuri, kikapita kwa mtu wa pili, pengine wa tatu.

Benki hizi hazikujengwa kwa ajili yetu hapo mwanzo. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, ikahudumia biashara ya pwani na reli. Baada ya uhuru serikali ilitaka Mwananchi naye awe na mlango wa kuingilia. Benki Kuu ilianzishwa 1966, National Bank of Kenya na Benki ya Ushirika zikaanza kazi 1968, na mwaka 1970 serikali ikachukua hisa nyingi za benki iliyotokana na ile ya India, ikawa KCB. Jengo lake la Kencom House ndilo lililoipa jina steji ambayo nusu ya Nairobi hupandia basi.

Matawi yaliongezeka, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini miaka ya 1980 na 1990 ilileta ugonjwa ambao hakuna kipimo cha gharama kingeuonyesha mapema. Taasisi ndogo za fedha zilichipuka zikiwa na mtaji mdogo na wakubwa nyuma yake. Mikopo ilitolewa kwa sababu mtu fulani alipiga simu, si kwa sababu biashara ilikuwa nzuri. Mwaka 1984 Rural Urban Credit Finance ilianguka, 1986 ikafuata Continental Bank, na kufikia 1989 serikali ililazimika kukusanya taasisi tisa zilizofilisika na kuzifanya benki moja, Consolidated Bank. Mwaka 1998 wimbi lilirudi: Trust Bank ilifungwa pamoja na nyingine, na National Bank yenyewe ikayumba. Watu wengi waliokuwa na akiba Nairobi wakati huo walijifunza majina mapya ya benki siku zilipofungwa.

Katikati ya misukosuko hiyo kuna mwaka mmoja ambao ningependa kila mtu anayesifu faida za benki aukumbuke. Riba zilikuwa zimeachiwa huru 1991. Kufikia 1993, baada ya noti nyingi kumwagwa sokoni wakati wa uchaguzi na kashfa ya Goldenberg, ya mabilioni ya serikali kulipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu, serikali ilikuwa ikikopa kwa hati zake za siku 91 kwa zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka. Benki haikuhitaji kumjua mkulima wala fundi. Ilikusanya amana, ikampa serikali, ikakaa. Chapati moja iliuzwa bei ya tano. Faida zilikuwepo, lakini kazi ya benki, ya kutafuta nani ana wazo zuri na kumpa pesa, ilikuwa imelala.

Ndiyo maana sikubali ile hoja ya kwamba benki inayopata faida nyingi basi imekomaa kiufanisi. Inawezekana. Lakini lazima uulize kwanza ilikuwa imekaa kwenye lango gani.

Thika Road ya pesa

Wachumi wanaopima ufanisi wa benki kwa miaka mingi hufanya jambo ambalo dereva yeyote wa matatu angelielewa. Huchukua benki zote, hutazama kila moja imetumia nini na imetoa nini, kisha huchora mstari unaopita kwa zile zilizofanya vizuri zaidi. Mstari huo ni kama muda wa matatu yenye kasi kuliko zote kwenye ruti moja. Benki nyingine hupimwa ziko mbali kiasi gani na mstari. Wazo hili lilianza kwenye kazi ya Michael Farrell mwaka 1957, na mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes wakaligeuza kuwa njia ya hesabu inayotumiwa hadi leo.

Sasa ongeza muda. Mwaka 2010 matatu ya Githurai ilitumia saa mbili kufika mjini. Mwaka 2012 barabara kuu ya Thika ikafunguliwa, safari ikawa fupi. Je, dereva amekuwa hodari zaidi? Huenda hajabadilika hata kidogo. Barabara ndiyo iliyopanuliwa. Na kama matatu nyingine zote sasa zinatumia nusu saa huku yeye akitumia saa nzima, basi amebaki nyuma zaidi ya zamani ingawa anafika mapema kuliko zamani. Kwa hiyo kuna mabadiliko ya aina mbili: benki kusogelea zile bora, na mstari wenyewe kusogea mbele kwa sababu ya teknolojia.

Kenya ilipata Thika Road yake ya pesa mwezi Machi 2007, M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipozinduliwa. Kabla yake, mwaka 2006, uchunguzi wa kitaifa wa FinAccess uliwakuta watu wazima wenye huduma rasmi za kifedha wakiwa asilimia 26.7. Mwaka 2019 walikuwa 82.9, na 2024 wakafika 84.8. Kuanzia 2010 Benki Kuu iliruhusu mawakala, na duka la kona likawa kaunta ya benki bila benki kulipia jengo. Mwaka 2012 M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwenye simu, ikaonyesha kwamba mkopo unaweza kutolewa bila karatasi, bila tai, bila mtu kuvuka barabara.

Gharama ya kuhudumia mteja mmoja ilianguka. Hakuna anayeweza kulikana hilo, na ni ushindi wa kweli. Mama aliyekuwa akifunga pesa kwenye leso sasa ana akaunti.

Lakini angalia bei. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Wanaita ada, si riba. Ukikopa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, umelipa asilimia 90 ya kiasi ulichokopa. Sacco ya kawaida, yaani chama cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua huonekana ya kizamani, ina fomu na wadhamini, na pengine hupata alama duni kwenye vipimo vya gharama. Mwanachama wake hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo 90. Ni ipi yenye ufanisi? Inategemea unasimama upande gani wa kaunta, na ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote: benki inaweza kupunguza unga unaomwagika bila bei ya chapati kushuka hata shilingi.

Hapa pana tahadhari mbili kuhusu hivi vipimo. Ya kwanza: kuwa juu ya mstari hakumaanishi kuwa bora. Mwanafunzi anaweza kuwa namba moja darasani kwa alama 40 ikiwa darasa zima limeanguka. Ya pili ni chungu zaidi. Vipimo hula kile kilichoandikwa vitabuni. Imperial Bank ilionekana kama benki yenye faida hadi tarehe 13 Oktoba 2015 ilipowekwa chini ya usimamizi, ikabainika kwamba mabilioni ya shilingi yalikuwa yameibwa kwa kufichwa nje ya hesabu rasmi. Wakati ule fidia ya amana ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa mteja. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Kama una akiba zaidi ya hapo benki moja, hilo ni jambo la kulifikiria leo.

Kuna pia imani kwamba benki za kigeni ndizo zenye ufanisi na zetu ni za kubahatisha. Historia haikubali kirahisi. Equity ilianza 1984 Kangema, Murang'a, kama shirika la ujenzi wa nyumba, na mwaka 1993 ilihesabiwa kuwa imefilisika kitaalamu. Kufikia 2004 ilipata leseni ya benki, na 2006 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi. Ilifika hapo kwa kuwafuata watu wadogo ambao benki kubwa ziliwafungia nje kwa masharti ya salio la chini kabisa. Mtaji wa nje haukuwaona watu hao. Mtu aliyekua nao aliwaona.

Sheria iliyojaribu kukata pengo kwa panga

Mwezi Septemba 2016 sheria iliweka kikomo: hakuna mkopo wa benki kuzidi riba elekezi ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4. Riba elekezi ni kiwango ambacho Kamati ya Sera ya Fedha hukitangaza, kwa kawaida kila miezi miwili, kuonyesha pesa zinapaswa kuwa ghali kiasi gani nchini. Tulishangilia, mimi pia. Mkopo ulikuwa wa asilimia 14 au karibu na hapo.

Shangazi aliomba mkopo mwaka 2017. Akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa alete hati ya shamba. Hakuwa nayo. Benki zilipima: kwa asilimia 14, muuza mitumba asiye na dhamana hatoshi kufidia hatari, ilhali serikali inalipa vizuri na haikimbii. Pesa zikaenda kwenye hati za serikali, mikopo kwa watu binafsi na biashara ikakua polepole mno, na waliokataliwa wakaangukia programu za mikopo kwenye simu ambazo kikomo hakikuzigusa. Mwezi Novemba 2019 kikomo kikaondolewa.

Wengine huchukua kisa hicho kama ushahidi kwamba benki ziachwe zifanye zitakavyo. Sioni hivyo. Kilichoonekana ni kwamba bei ililazimishwa kushuka bila gharama zilizo chini yake kuguswa: mikopo iliyokwama, njaa ya serikali ya kukopa, na soko ambalo benki tisa kubwa hushika takriban robo tatu yake. Ikiwa wachache wameshika lango, chapati hubaki 40.

Kuhusu ukubwa nitasema kwa ufupi. Sheria ya mwishoni mwa 2024 inataka kila benki ifikishe mtaji wa shilingi bilioni 10 kufikia 2029, kutoka bilioni 1. Benki kubwa huhimili mshtuko na hununua mitambo mizuri, hilo ni kweli. Lakini benki ndogo zikimezwa zote, nani atamlazimisha mkubwa kupunguza bei?

Kwa hiyo, mkopo wa Gikomba

Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha riba elekezi kutoka asilimia 13. Kufikia Oktoba 2025 ilikuwa 9.25. Wastani wa riba za mikopo ya benki ulitoka karibu 17 hadi karibu 15 tu. Mkuu wa benki atakueleza kwamba alichukua amana za muda mrefu kwa bei ya juu wakati riba ilipokuwa juu, na lazima azilipe hadi ziishe muda wake. Ni sababu halali kwa miezi kadhaa. Haiwezi kuwa sababu ya mwaka na zaidi, na Benki Kuu yenyewe ilifika mahali pa kutuma wakaguzi kuona kama benki zinawapa wateja unafuu.

Kisha ukaja utaratibu mpya. Kuanzia Desemba 2025 mikopo mipya ya riba inayobadilika huhesabiwa kwa kuanzia na KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana kwa usiku mmoja. Mikopo ya zamani ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia huko. Juu ya KESONIA benki huongeza nyongeza iliyopewa jina la herufi moja, K. Ndani ya K kuna vitu vitatu: gharama za benki za kuendesha ukopeshaji, faida ya wenye hisa, na hatari ya mkopaji mwenyewe. Zaidi ya K huja ada na tozo.

Niliposoma hilo nilimpigia shangazi simu siku hiyo hiyo. Ikiwa mkopo wake ni wa riba inayobadilika, sehemu ya kwanza ya riba hiyo ni ile ile kwa benki zote; hakuna wa kulaumiwa wala kusifiwa. K ndiyo inayotofautiana, na benki zinatakiwa kutangaza wastani wa nyongeza zao hadharani. Ukilinganisha K za benki mbili kwa mteja wa aina moja, unatazama mikono ya wapishi wawili wa chapati, na pia unaona nani amekaa langoni.

Alienda benki yake Jumatatu na barua ya mkopo mkononi. Alimuuliza afisa wa mikopo maswali matatu niliyomwandikia nyuma ya risiti: mkopo wangu ni wa riba inayobadilika au isiyobadilika, K yangu ni ngapi, na kati ya hiyo K ni kiasi gani kinatokana na mimi? La mwisho lilimfanya kijana yule anyanyuke kwenda kumwita meneja. Shangazi hajawahi kuchelewesha malipo katika miaka minne, na rekodi hiyo iko kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Meneja aliitazama, akasema watapitia upya kiwango chake na kumjibu kwa maandishi ndani ya wiki mbili.

Siku ya kumi shangazi alienda kwa benki ya pili, ng'ambo ya barabara, na risiti ile ile.